Hodi ya Kulipiwa

Msomaji kijana, mila yetu humruhusu mgeni kubisha hodi mara tatu. Asipokaribishwa hurudi alikotoka, na mwenye nyumba hamdai kitu. Haki ya kufunga mlango ni ya mwenye mlango. Hilo silipingi, wala sitaki ulipinge. Nipingalo ni kumtoza mtu kwa kubisha.

Mwenzangu mmoja, niliyesoma naye chuo cha ualimu, alialikwa kwenye mkutano wa walimu wa majuma mawili katika nchi moja ya Ulaya. Pasipoti aliipata Nyayo House, katikati ya jiji la Nairobi, kisha akashika njia ya Westlands kupeleka maombi ya viza. Sheria ya nchi za Schengen yataka pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10, yenye kurasa 2 tupu, itakayodumu miezi 3 baada ya siku ya kuondoka huko. Yataka bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, ushahidi wa fedha na wa mahali pa kulala, na alama za vidole vyote 10. Kwa hayo sina neno kubwa. Mwenye nyumba na amjue mgeni wake. Lakini ada! Tangu tarehe 11 Juni 2024 mtu mzima hutozwa yuro 90, yaani zaidi ya shilingi 12,000 za Kenya, mbali na malipo ya wakala apokeaye karatasi. Akikubaliwa, amelipa, akikataliwa, amelipa vilevile.

Mwenzangu alikataliwa. Alipewa karatasi iliyopigwa chapa kwa watu wote, yenye orodha ya sababu, na alama kando ya sababu moja: kwamba ipo shaka juu ya nia yake ya kuondoka kabla ya viza kwisha. Nani aliingiwa na shaka hiyo, na kwa kuona nini? Mtu huyu ana mke, watoto wawili, kazi ya serikali na ng'ombe watatu. Karatasi haikusema. Nia imo moyoni. Kumtaka mtu aithibitishe kwa taarifa ya benki ni kuamini kwamba maskini hana kwao.

Wako wasemao kuwa ada ni ujira wa kazi ya uchunguzi. Basi mchunguzi na aeleze alichokiona. Mwenye duka wa Kawangware apokeaye fedha asitoe unga, wala asiseme kwa nini, huitwa jina ambalo sitaliandika katika kitabu cha shule. Wengine husema nasi twawatoza wageni. Ni kweli. Januari 2024 Kenya iliondoa viza ikaweka kibali cha safari cha kielektroniki, kwa ada iliyotangazwa wakati ule ya dola 30. Lakini Mzungu hukiomba akiwa amekaa nyumbani kwake, wala hatakiwi kuthibitisha kwamba anapenda kwao.

Jiji hili lina kumbukumbu ya karatasi. Sisemi kuwa viza ni kipande. Kipande kilimfunga mtu ndani ya nchi yake mwenyewe. Hata hivyo, Harry Thuku, aliyekipinga pamoja na dhuluma nyingine, alipokamatwa Machi 1922, watu waliokusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai aachwe walipigwa risasi. Hawakuwa na silaha. Walikuwa wamechoka kuhukumiwa kabla ya kusikilizwa.

Kwa hiyo ukikua ukapata barua kama ile, usiifiche kwa aibu. Sheria ya viza ya Ulaya ya mwaka 2009 inakupa haki ya kukata rufani. Isome, uitumie, na udai sababu ielezwe kwa maneno yanayokuhusu wewe. Dai pia ada irudishwe kwa aliyefungiwa mlango, na wabunge wetu wadai pamoja nawe. Mwenzangu ameandika rufani yake. Siku ulipofunguliwa mkutano ule, yeye aliyeshukiwa kuwa hatarudi alikuwa darasani, Kangemi, akisahihisha insha za kidato cha tatu.