Bibi harusi hahitaji silinda nane

Jumamosi iliyopita, saa moja na nusu usiku, nje ya ukumbi mmoja wa harusi Sinza. Matarumbeta yameshashuka kwenye pikapu, maharusi wameingia, MC anatambulisha meza kuu. Nje imebaki limuzini nyeupe, ndefu, riboni bado ziko kwenye boneti. Dereva amelaza kiti, vioo vimepandishwa, injini inaunguruma. Maji ya AC yamefanya kidimbwi chini ya gari. Hatua tano nyuma ya bomba la moshi, mama anachoma mahindi.

Tulimuuliza dereva mbona hazimi. “Bosi, maharusi wakitoka wakute gari la baridi.” Walitoka saa tano na nusu.

Tunasema wazi: biashara ya magari ya kifahari ya kukodi katika miji yetu inachagua magari kwa macho ya wapiga picha, na gharama yake inalipwa na mapafu ya watu ambao hata kadi ya mwaliko hawakupewa. Inalipwa pia na mifuko ya waliochanga. Hilo linaweza kurekebishwa bila kumpunguzia bibi harusi hadhi hata chembe.

Tuanze na hesabu. Lincoln Town Car, gari lililobeba biashara ya limuzini Marekani kwa miongo mpaka lilipoacha kutengenezwa mwaka 2011, lilikuwa na injini ya silinda nane ya lita 4.6. Injini ya ukubwa huo, ikiwa imesimama tu, bila hata AC, hunywa kama lita moja na nusu ya petroli kwa saa. Kwa saa nne ni lita sita. Kila lita ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 za hewa ya ukaa, kwa hiyo ukumbi mmoja, usiku mmoja, gari moja ambalo halijasogea hata mita, limeacha karibu kilo 14. Kwa lita hizohizo sita, IST ingetoka Ubungo ikakaribia Chalinze.

Na hiyo ndiyo iliyo nafuu. Hummer H2, ambalo lilikatwa na kurefushwa likawa limuzini ya kutamaniwa na kila mwenye sherehe, lina injini ya lita 6 na uzito unaokaribia tani tatu kabla halijarefushwa. Ukilikata katikati, ukaongeza chuma, makochi, taa na AC ya pili, umeongeza mzigo wa kuvutwa na injini ileile. Gari hilo halikuundwa kwa kazi hiyo. Lilikuja kwa sababu linaonekana.

Siku hizi hapa Dar es Salaam limuzini ndefu ni chache. Fahari imehamia kwenye shangingi la V8, Crown na Alphard. Lakini maradhi ni yaleyale: mwenye gari ananunua injini kubwa kwa sababu mteja ataiuliza, na mteja anaiuliza kwa sababu harusi iliyopita walikuwa nayo. Hakuna anayeuliza kazi yenyewe ni ipi.

Basi tuiulize sisi. Gari la harusi hutembea kidogo na kusimama sana. Linatoka saluni, linakwenda kanisani au msikitini, linapita ufukweni kwa picha, linaishia ukumbini. Kilomita ni chache, saa ni nyingi. Kumwambia mwenye gari hilo auze la zamani akanunue jipya kwa ajili ya mazingira si ushauri mzuri, kwa sababu kutengeneza gari jipya nako kunachafua, na gari la kutoka Jumamosi tu litachukua miaka mingi kufidia uchafu huo. Dawa yake ya kwanza ni rahisi: zima injini. Liegeshwe kivulini, MC ampigie dereva dakika kumi kabla maharusi hawajatoka, AC iwashwe wakati huo. Ubaridi utakuwepo.

Gari la wageni ni habari nyingine. Hilo linakwenda uwanja wa ndege asubuhi, hotelini mchana, kwenye mkutano jioni, siku sita kwa wiki, na muda mwingi limenasa kwenye foleni. Hapo ndipo uchaguzi wa gari unapolipa. Alphard haibridi, ambayo Toyota ilianza kuitoa mwaka 2003, huzima injini yenyewe kwenye foleni na AC yake inaendeshwa na umeme wa betri. Abiria hasikii joto wala mngurumo. Kwa mgeni aliyetoka kwenye ndege baada ya saa tisa za safari, ukimya huo ni anasa kuliko silinda nane. Tahadhari ni moja: usinunue haibridi bila kupima betri, na usimpelekee fundi anayejifunzia kwako.

Gesi nayo ipo. Gesi ya Songo Songo imekuwa ikifika Dar es Salaam tangu 2004, na bajaji na teksi nyingi zimebadilishwa mfumo. Inaungua safi kuliko petroli na bei yake ni nafuu. Lakini tusidanganyane: mtungi wa gesi hula buti, na mgeni anayelipia gari la kifahari hatakubali kupakata begi lake. Foleni za vituo vya kujazia nazo si za dereva anayesubiriwa na ndege. Kwa Noah au gari kubwa lenye nafasi, gesi inafaa. Kwa saloon ya watu wanne na mabegi manne, mwenye gari apige hesabu kwanza.

Gari la umeme tulizoea kuliona kama mambo ya Ulaya. Sivyo tena. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kutoa megawati 2,115 kwa nguvu ya maji, si kwa kuchoma mafuta. Ethiopia mwaka 2024 ilizuia kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Gari linaloanzia na kuishia siku yake kwenye yadi moja, kama yalivyo magari mengi ya wageni, ndilo rahisi kuliko yote kuchajiwa usiku. Biashara hii ingeweza kuongoza badala ya kufuata.

Wenzetu wameshaanza kulazimishana. London, tangu Januari 2023, gari lolote linaloandikishwa kwa mara ya kwanza kama gari binafsi la kukodi ni lazima liwe na uwezo wa kutembea bila kutoa moshi. New York imeziwekea kampuni kubwa za kuita magari kwa simu tarehe ya mwisho: ifikapo 2030 safari zao zote zibebwe na magari yasiyotoa moshi au yanayobeba viti vya magurudumu vya watu wenye ulemavu. Hatusemi tunakili sheria za London kesho asubuhi. Vituo vya kuchajia bado ni vya kuhesabu. Tunasema waliokuwa vinara wa limuzini wameona kwamba hiari peke yake haitoshi.

Hapa kwetu sheria inasaidia nusu. Kwa miaka mingi ushuru wa bidhaa kwenye magari umepangwa kwa ujazo wa injini: asilimia 5 ukizidi cc 1,000, asilimia 10 ukizidi cc 2,000, na gari kuukuu huongezewa. Ngazi hiyo inaishia mapema mno. Mwenye injini ya cc 2,400 na mwenye ya cc 5,700 wanasimama daraja moja, wakati mmoja anachoma karibu mara mbili ya mwenzake. Bunge liongeze ngazi juu, na kinachokusanywa kipunguze ushuru wa magari ya umeme na haibridi yenye hali nzuri. LATRA, inayosimamia leseni za magari ya biashara, iweke sharti jepesi: gari la kukodi likiegeshwa kusubiri, injini izimwe. Sharti hilo halihitaji mitambo ya kupimia moshi. Masikio yanatosha.

Kwa wenye magari tuna neno moja la kikwetu: mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni lita zilizoingia, kilomita zilizotembewa na saa zilizosubiriwa. Wengi watashangaa kuona faida ya Jumamosi ilipotelea kwenye maegesho, si barabarani. Kisha mwandikieni mteja saa za kusubiri injini ikiwaka kwenye ankara kama gharama ya peke yake. Anayetaka kulipia moshi, aulipie akijua.

Tunajua jibu litakalokuja: harusi ni siku moja, mwacheni mtu afurahi. Afurahi, na apendeze. Lakini Jumamosi moja katika jiji hili si harusi moja. Ni kila ukumbi kuanzia Mbagala hadi Bunju, na kila ukumbi una msafara wake, saloon saba zenye mtu mmoja mmoja ndani, wakati Coaster moja ingewabeba wote na nafasi ikabaki kwa shangazi.

Kwa hiyo wito wetu wa mwisho hauendi wizarani. Unakwenda kwako uliyekabidhiwa kamati ya usafiri wiki hii. Fedha uliyonayo ni michango ya watu. Kodi gari moja zuri la maharusi na basi moja la ndugu. Kabla ya kulipa malipo ya awali, muulize mwenye gari maswali mawili: linakunywa lita ngapi, na dereva atazima injini saa ngapi? Akicheka, nenda kwa mwingine.