Boti iliyoungua, rangi mpya haitoshi

Tarehe 15 Aprili 2025, boti ya mbao HB Kongolo iliwaka moto kwenye mto Congo, karibu na Mbandaka. Viongozi wa usafiri wa majini walisema moto ulianzia kwa mama aliyekuwa anapika ndani. Watu wengi walikufa. Huku kwetu, ku ziwa Kivu na Tanganyika, kuna wanaosema: bora boti ya chuma, juu chuma hakiungui.

Kweli, hakiungui. Ila kinalegea. Chuma kinayeyuka karibu na digrii 1500, lakini kikifika 600 tu, kinabakia na nusu ya nguvu yake ao chini ya hapo. Moto wa esansi unalifikia joto hilo haraka. Sakafu yenye mizigo inaanza kupinda, mbavu za boti zinajikunja, viungo vilivyochomelewa vinapasuka.

Njo maana boti kubakia juu ya maji haionyeshe kama ni nzima. Mwezi wa 7 mwaka 2020, meli ya kivita ya Marekani, Bonhomme Richard, iliungua zaidi ya siku 4 kwenye bandari ya San Diego. Haikuzama. Lakini wenyewe, na pesa zao zote, walihesabu gharama ya kuitengeneza, wakaamua kuiuza kama vyuma chakavu.

Kwetu shida inakuja na moto mdogo, ule wa kwenye motere. Umezimwa, watu wanashukuru Mungu, fundi anakwangua masizi na kupaka rangi. Sasa chukua bati la nyumba: likiwa limenyooka, ulisukume kwa ncha mbili, linakaza. Likisha kupinda kidogo, unalikunja na mkono. Boti nayo ni vile. Kila wimbi linaibana upande mmoja na kuivuta upande mwingine, na bati lililopinda halina tena nguvu ya kuvumilia kubanwa. Siku ya jua haionekane. Siku ya upepo, na boti imepakia kupita kipimo, njo inavunjikia pale pale palipoungua.

Kwa hiyo komiseria ya majini, mbele ya kutoa ruhusa, ifungue sakafu na kuangalia mbavu za chini. Na wewe msafiri, ukiona bati la sakafu limefanya mawimbi chini ya rangi mpya, uliza boti iliungua lini, na ni nani aliikagua.