Msumeno wa Kukata Pembe: Tununue Upi?



Barua ya mwezi huu imetoka kisiwani Fundo, ng'ambo ya Wete, Pemba. Aliyeandika ni mama wa watoto wanne, mkulima wa mwani. Anasema:

"Dada mpendwa, madirisha yetu hayana wavu na mbu wanatusumbua. Baba watoto na kijana wetu wa kwanza, ambaye amejifunza useremala, wanataka kutengeneza fremu wenyewe. Wameona dukani mashine ya umeme ya kukatia pembe, na wanataka tutumie akiba ya mwani kuinunua. Akiba hiyo nimeiweka kwa sare, madaftari na nauli ya chombo ya wadogo zao. Sipendi kumvunja moyo mwanangu, wala sipendi kugombana na baba yake. Kwetu tuna paneli ndogo ya jua tu. Nifanye nini?"

Wengi wetu tukisikia neno msumeno tunasema hayo ni mambo ya wanaume. Lakini fedha ya kununua msumeno hutoka katika mfuko uleule wa unga na sare. Tena wavu wa dirishani ni afya ya watoto wetu. Malaria imepungua sana Zanzibar, ila haijaondoka kabisa. Basi na tuelewe kitu tunachoombwa kulipia.

Pembe yenyewe ni ipi?

Tazama fremu ya picha ukutani. Kwenye kila kona mbao mbili zimekutana kwa mkato wa mshazari. Kona nzima ni digrii 90, kwa hiyo kila ubao hukatwa nusu yake, yaani digrii 45. Fremu moja ina kona 4, na mikato 8. Kila mkato ukikosea digrii 1 tu upande uleule, ukifika kona ya mwisho kosa limekuwa digrii 8, na hapo mbu anapita bila kubisha hodi. Ndiyo sababu fundi hutafuta kifaa cha kuushika msumeno usiyumbe.

Msumeno wa mkono na kisanduku

Njia ya zamani ni kisanduku cha kukatia pembe. Ni mbao tatu zilizopigwa pamoja kama mfereji, moja chini na mbili pembeni, zenye mipasuo ya kupitisha msumeno: mmoja wa digrii 90, na miwili ya digrii 45, mmoja kulia na mmoja kushoto. Kijana aliyejifunza kazi anaweza kukitengeneza mwenyewe kwa mabaki ya mbao ngumu. Kitu cha kununua ni msumeno.

Chagua msumeno mfupi wenye ukanda wa chuma mgongoni. Ukanda huo huzuia bapa lisipinde. Hesabu meno katika inchi moja. Msumeno wa kupasulia mbao kubwa una meno 7 au 8, nao hurarua. Kwa kazi ya pembe tafuta wenye 12 hadi 14. Angalia pia ncha za meno. Zikiwa nyeusi zenye rangi ya buluu, zimekazwa kwa moto kiwandani. Zitakaa na makali siku nyingi, lakini tupa haizipati, na makali yakiisha msumeno umekwisha. Kwa mtu wa kisiwani, wenye meno ya kunolewa kwa tupa unafaa zaidi.

Mashine ya umeme

Hii ni diski ya meno iliyofungwa kwenye mkono unaoshuka juu ya meza ndogo. Meza huzunguka na kukaza kwenye digrii unayotaka. Kazi ya asubuhi nzima huisha kwa muda mfupi, na mikato yote hufanana. Kwa fundi mwenye wateja wengi ni chombo kizuri sana. Kabla ya kutoa fedha, uliza haya:

Umeme upo? Mashine ya namna hii hula wati 1,500 au zaidi. Paneli ndogo ya nyumbani ya wati 50 au 100 huwasha taa na kuchaji simu, haiwezi kuigusa. Jenereta ndogo ya wati 1,000 nayo haitaiamsha. Umeme wa gridi umefika Pemba tangu mwaka 2010, kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Lakini kama haujaingia nyumbani mwako, utanunua mashine, kisha jenereta kubwa, kisha petroli ya kuvusha kwa chombo kila mara.

Ni ya volti ngapi? Umeme wetu ni volti 230. Mashine za mitumba kutoka Marekani ni za volti 120, na ukizichomeka hapa huungua. Soma kibandiko chake kabla ya kulipa.

Diski ina ukubwa gani? Ya milimita 210 hivi inatosha fremu za madirisha. Ya milimita 254, yaani inchi 10, hukata mbao pana zaidi, na bei hupanda. Diski ya meno 24 ni ya kazi ya harakaharaka. Kwa kona safi itakiwe ya meno 60 au zaidi.

Je, inakata kweli? Mwombe muuzaji akate vipande viwili vya digrii 45. Viunganishe, kisha weka kona ya jalada la daftari ndani yake. Mwanga ukipenya, meza haijakaa sawa. Tikisa na mkono wa mashine: ukicheza, iache. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Vidole na mapafu

Diski hiyo haisamehi. Kifuniko chake kisifungwe kamba ili kibaki wazi, hata kama mafundi wengine hufanya hivyo. Mkono ukae mbali na diski, si chini ya shubiri moja. Asiyevaa miwani ya kazi asiiwashe, na khanga, mtandio au mkono mpana wa kanzu visikaribie. Baada ya kukata, diski isimame kwanza ndipo iinuliwe. Watoto wadogo wasicheze hapo, na waya uchomolewe kazi ikiisha. Vumbi la mbao lilitajwa mwaka 1995 na wataalamu wa kimataifa kuwa linaweza kuleta saratani, kwa hiyo funika pua na ufanye kazi nje.

Sasa, mama wa Fundo

Akiba ya watoto iache ilipo. Toa sehemu ndogo inunue msumeno mzuri wa mkono, tupa, skwea na msasa. Kijana atengeneze kisanduku, kisha aanze na dirisha la chumba wanacholala wadogo zake. Mbao ziwe kavu kabisa, kwani mbichi zikikauka husinyaa na kona hufunguka kwa ndani. Kona ya mshazari haishiki kwa gundi peke yake. Aongeze kipande cha pembetatu nyuma, na skrubu za shaba nyeupe au za pua isiyoshika kutu, maana chumvi ya bahari hula chuma. Msumeno ufutwe kwa mafuta ya cherehani kila jioni.

Kabla ya kukaza, apime fremu kutoka kona hadi kona, njia zote mbili. Vipimo vikilingana, fremu imekaa mraba.

Mwenzio mweleze faraghani, si mbele ya kijana. Usimwambie "haiwezekani." Mwambie, "Baba watoto, tuanze na hii, na kila fremu atakayouza kwa jirani tumwekee sehemu ya kununulia mashine." Mkubaliane daftari atalishika nani. Oda zikizidi nguvu ya mkono, ndipo mtafute mashine, na pengine ikae Wete kwa ndugu mwenye umeme, mafundi wawili watatu wachangie.

Hapo kijana atakuwa amejifunza kukata sawasawa kwa mkono wake, na fundi wa namna hiyo akipewa mashine haiharibu. Nanyi mtakuwa mmelala miezi kadhaa bila mbu, na wadogo zake wakiwa shuleni na sare zao.