Fizi: msituambie tena kwamba watoto wetu hawana ujuzi

Wakubwa wa kampuni za madini wana neno wanalolipenda: «Vijana wa hapa hawana ujuzi.» Kisha kazi za kiwanda cha kusafisha dhahabu zinapewa watu wa mbali, na wa kwetu wanabaki kulinda mlango na kufyeka majani.

Wapenzi wasikilizaji wa Baraka, Fizi, Misisi na Lulimba, na ninyi jamaa mliokimbia vita, neno hilo tulikatae. Hakuna anayezaliwa na ujuzi. Watu wanafundishwa.

Tena hatuanzi na sifuri. Katika Kivu ya Kusini wamama wanaotwanga mawe ya dhahabu tunawaita «mama twangaise». Anayeshika jiwe na kujua kama linafaa, ana nusu ya kazi tayari. Zinabaki mashini na dawa: kusaga, kupima, kutumia sianidi, kuikamata dhahabu kwa makaa, kuyeyusha.

Hapo mafunzo ya siku tatu hatuyataki. Maji ya sianidi yakikosa chokaa ya kutosha yanatoa hewa inayoua. Asiyejua kusoma kipimo anahatarisha wenzake pamoja na mto tunaoteka maji.

Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inaidai kampuni inayochimba iandikiane na wenyeji mapatano, yale tunayoita cahier des charges. Inaidai pia itoe angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Tena waajiri wanalipa mchango kwa INPP, shirika la serikali la mafunzo ya kazi lililoundwa mwaka 1964. Basi sheria ipo, na pesa ipo. Tunachodai ni ukurasa mmoja katika mapatano: vijana wangapi, wamama wangapi, miezi mingapi, breve gani. Na mafunzo yaanze kabla kiwanda hakijafunguliwa.

Wahamishwa wasiachwe nje. Diploma ya mtu imeungua pamoja na nyumba, karte ya kura imepotea njiani. Ukimdai makaratasi, vita vinamfukuza mara ya pili. Mpeni mtihani wa mikono, kwa Kiswahili. Wengine watasema kazi ni chache, wenyeji kwanza. Lakini jamaa hao wanalala katika uwanja wako. Kijana wao akikosa kazi, sufuria yako ndiyo itamlisha.

Nanyi wakuu wetu, orodha isijae wapwa zenu. Majina yasomwe redioni, yabandikwe sokoni, kanisani na msikitini.

Kuna anayeuliza: breve ya nini, kama kazi ipo? Tazameni Namoya, jirani yetu wa Maniema. Banro ilianza uzalishaji wa kibiashara pale mwaka 2016. Mwaka 2019 kazi ikasimama kwa ajili ya usalama mbaya. Mgodi unaweza kufungwa kwa siku moja. Mwenye breve inayotambuliwa ataomba kazi hata Kibali, kule Haut-Uele. Mwenye beji ya kampuni peke yake atarudi nyumbani na beji yake.

Kwa hiyo siku watakapotuita kushuhudia sahihi, tuombe kwanza kusomewa ukurasa wa mafunzo. Kama haupo, tusipige makofi.