Maoni: Kinga yenye amortisa ya nyuma haifai kwa kazi ya mizigo

Jamaa nyingi zilizokimbia vita Masisi na Rutshuru zilifika Goma bila shamba na bila mifugo. Kazi ambayo baba au kijana anaweza kupata haraka ni kubeba: makala, viazi, mihogo, mbao, maji. Mwenye chukudu anabeba kwa chukudu, mwenye kinga anabeba kwa kinga, asiye na kitu anabeba mgongoni. Ndiyo maana mtu akifaulu kuweka dola chache kando, anafikiria kinga kwanza.

Hapo ndipo wengi wanakosea. Kinga inayovuta macho ni ile ya mlima yenye amortisa mbili, moja mbele na moja chini ya kiti. Ina kadre nene, rangi nzuri na tairi pana. Muuzaji anakandamiza kiti, kinashuka na kupanda kama godoro, na anasema kwa mawe ya Goma hii ndiyo yenyewe.

Mawe ya Goma si uongo. Nyiragongo ilimwaga moto katikati ya mji Januari 2002, ikarudia upande wa kaskazini Mei 2021, na njia nyingi za mitaani bado ni mawe meusi makali. Lakini amortisa ya nyuma haikutengenezwa kwa ajili ya gunia. Ilitengenezwa ili gurudumu lifuate ardhi wakati mtu mmoja, mikono mitupu, anateremka mlimani kwa mchezo.

Hesabu yake ni rahisi. Kwenye kinga nyingi za aina hiyo, gurudumu la nyuma likipanda sentimita 15, amortisa yenyewe inajifinya kama sentimita 6 tu. Kwa hiyo inapokea uzito mara mbili na nusu. Gunia la kilo 80 likikaa juu ya gurudumu la nyuma, amortisa inasikia kilo 200, na hapo mwenye kuiendesha hajahesabiwa. Jiwe la kwanza linaifikisha mwisho, chuma kinagonga chuma. Kutoka Sake hadi Goma, kilomita 25 hivi, itagonga mara ngapi?

Na portibagaji itafungwa wapi? Kwenye kinga ya kawaida inashikwa juu kwenye kadre na chini kwenye ekseli. Kwenye kinga yenye amortisa, sehemu hizo mbili zinachezacheza, moja inapanda wakati nyingine inashuka, na portibagaji inavunjika katikati. Zile zinazofungwa kwenye mlingoti wa kiti peke yake, nyingi zimeandikwa kilo 10 hivi. Kilo 10 si mzigo wa kulisha watoto.

Kuna amortisa za namna mbili. Ya bei ya chini ni resori iliyovaa fimbo, bila mafuta yoyote ya kuituliza. Hiyo haiharibiki sana kwa sababu haifanyi kazi sana. Inarusha mtu, basi. Kinachokufa ni maungio ya kadre: vumbi la volkano linaingia, linasaga, na baada ya muda gurudumu la nyuma linayumba kama jino bovu.

Ya bei ya juu ina hewa, mafuta, na mara nyingi gesi ya nitrojeni ndani. Hewa yake inafika psi 150, hata 250, wakati tairi ya gari ndogo ni karibu 30. Pompi ya kawaida haiwezi kuijaza sawasawa. Inahitaji pompi yake ndogo ya pekee, na pompi hiyo si kila fundi wa barabarani anayo. Nafasi ya hewa ni ndogo kama kikombe, kwa hiyo mpira ukikwaruzwa kidogo tu, asubuhi mtu anakuta kinga imekaa chini.

Lakini ushahidi mkubwa unatoka kwa watengenezaji wenyewe. RockShox inaagiza sehemu ya hewa isafishwe na kupakwa mafuta kila saa 50 za kuendesha, na amortisa nzima ifunguliwe kila saa 200. Fox inaagiza saa 125 au mwaka mmoja. Kwa tajiri wa Ulaya anayecheza Jumapili, saa 50 ni miezi. Kwa kijana anayebeba makala saa 6 kila siku, saa 50 ni siku 8 au 9. Saa 200 ni mwezi mmoja na siku kidogo. Nani atamlipia matengenezo hayo?

Na jambo hili linastahili kusikiwa vizuri. RockShox ni mali ya kampuni SRAM ya Marekani tangu 2002. Mmoja wa waanzilishi wa SRAM, F.K. Day, alianzisha mwaka 2005 shirika World Bicycle Relief, linalopeleka kinga vijijini Afrika. Kinga yao inaitwa Buffalo. Ni ya chuma, nzito, na portibagaji yake inabeba kilo 100. Amortisa haina, si mbele wala nyuma. Mtu ambaye kampuni yake inauza amortisa hakuona sababu ya kuiweka kwenye kinga ya kazi.

Mashirika na wafadhili wanaogawa kinga kwa jamaa zilizohama wangeangalia hilo kabla ya kupakia kontena. Kinga ya mlima iliyotumika inaonekana zawadi nzuri kwenye picha. Kwa mwenye kuipokea, ni deni.

Hata hivyo si kila mtu anabeba gunia. Mwalimu au muuguzi anayekwenda kazini na mkoba peke yake, akipata moja nzima, mgongo wake utashukuru. Aangalie kwanza: mafuta yasionekane kwenye fimbo, kiti kikikandamizwa kirudi polepole, na gurudumu la nyuma likivutwa kando lisiwe na mchezo.

Na aliyekwisha nunua kwa ajili ya mizigo? Fundi mzuri anaweza kutoa amortisa na kuweka mahali pake kipande cha chuma kigumu, chenye urefu uleule kutoka tundu hadi tundu. Sura inaharibika kidogo, lakini kinga inaacha kucheza, na mzigo wa kiasi unaweza kwenda. Maungio bado ni dhaifu, kwa hiyo yaangaliwe kila wiki.

Ile amortisa iliyotolewa isipewe watoto. Kama ni ya hewa, hewa yote itolewe kwenye valvu kabla ya kugusa kitu kingine. Kama imejifinya na haitaki kurudi, bado ina nguvu ndani: isifunguliwe, isichomwe moto, na isikaribishwe kwenye mashine ya kulehemu.