MOSHI NAO NI HATARI YA KAZI



Mtu akikatwa kidole na mashine, hata tajiri mwenyewe hawezi kukana. Damu iko chini na watu wote wameiona. Lakini mtu akivuta moshi kazini miaka kumi, akaanza kukohoa usiku na kushindwa kupanda ngazi, huambiwa ni mafua, ni sigara, ni uzee. Twasema hapana! Moshi nao ni hatari ya kazi, na ni lazima uandikwe katika mikataba yetu.

Kusingizia mafua si ujanja wa leo. Mwezi wa Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe ulifunika mji wa London siku 5. Watu kama 4,000 walikufa upesi, na wataalamu waliohesabu upya baadaye wamefika 12,000. Serikali ya huko ilisema wengi waliokufa majuma yaliyofuata waliuawa na mafua. Sheria ya hewa safi ikangoja hadi 1956.

Siku hizi umezidi moshi wa misitu inayoungua. Dunia imepata joto kwa ajili ya makaa, mafuta na gesi vinavyochomwa tangu viwanda vianze. Joto hukausha nyasi na miti, na hapo cheche moja yatosha. Mwaka 2023 ziliungua zaidi ya hekta milioni 15 nchini Kanada, na tarehe 7 Juni moshi wake ukageuza anga ya New York, mamia ya maili kutoka motoni, kuwa rangi ya chungwa. Ndani ya moshi huo mna chembe ndogo hata ukipanga 30 hazizidi upana wa unywele mmoja. Pua haiwezi kuzizuia. Hushuka mpaka chini ya mapafu, nyingine zikaingia katika damu. Huamsha pumu, huleta kiharusi na ugonjwa wa moyo. Mwaka 2013 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba hewa chafu huleta saratani ya mapafu.

Wakubwa husema, “Kaeni ndani, fungeni madirisha.” Je, mvuna matunda ana dirisha gani la kufunga? Mwezi wa Desemba 2017 moto mkubwa uliwaka karibu na mji wa Oxnard, jimbo la California, Marekani. Vibarua waliendelea kuvuna stroberi ndani ya moshi, kwa sababu siku usiyokwenda shambani ni siku usiyolipwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Lakini wenzetu hao hawakukaa kulia. Vyama vya wafanya kazi na rafiki zao walidai sheria, na mwezi wa Julai 2019 jimbo likatoa amri. Kipimo cha uchafu wa hewa kikipita 150, tajiri ahamishie kazi ndani, au abadili saa, au aongeze mapumziko, na awape watu bure barakoa za kuchuja chembe. Kikipita 500, kuzivaa ni lazima. Hata hivyo mwaka 2020 vibarua wengi walilalamika kwamba hawakupewa barakoa hata moja. Basi tujifunze mambo mawili: sheria haiji bila kudaiwa, na ikisha kuja, bila chama imara ni karatasi tu.

Na sisi Kenya je? Msitu wa Aberdare uliungua Februari 2022, wakati wa ukame mrefu uliotunyima mvua misimu mitano. Na moshi wetu wa kila siku hautungoji ukame: mkata miwa katika shamba lililochomwa, fundi wa kuchomelea vyuma, utingo wa matatu, mchambua taka jaani, wote wanaumeza tangu asubuhi hadi jioni.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 tunayo. Penye watu 20 au zaidi, kamati ya usalama ni lazima. Kifungu cha 14 chasema mfanya kazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi, na tajiri asimlazimishe kurudi mahali pale hatari ikiwa bado ipo. Ni wangapi kati yetu wanaoijua?

Tajiri atasema, “Moshi huu haukutoka kiwandani kwangu.” Radi nayo haikutoka kwake, lakini hampandishi fundi wa umeme juu ya nguzo radi ikipiga. Atasema barakoa ni ghali. Mapafu je, yanauzwa duka gani?

Basi kila tawi lidai haya:

1. Mkataba utaje kipimo cha moshi cha kubadilisha kazi, na kipimo cha kuisimamisha.
2. Barakoa za kuchuja chembe zitolewe bure. Kitambaa cha kufunga puani si barakoa.
3. Siku iliyosimamishwa kwa moshi ilipwe kama siku ya kazi.
4. Wanaofanya kazi motoni na moshini wapimwe mapafu kila mwaka kwa gharama ya tajiri, na kila mmoja apewe majibu yake mkononi.

Wazee walisema pafukapo moshi pana moto. Penye moshi kazini pana na mtu anayepata faida. Mwulizeni yeye gharama, msimwulize anayekohoa.

Umoja ni nguvu!