Karatasi Kwanza, Sindano Baadaye



Leo nataka kuwasimulia habari ya mama mmoja wa Nyantende. Jina lake silitaji, maana kosa lake ni letu sisi sote tushonao kwa kukisia. Mama huyu ni fundi kweli kweli. Anayo cherehani ya miguu, na mkono wake umezoea kutarizi maua na ndege hata wateja wa Bukavu humfuata nyumbani kwake.

Siku moja aliagizwa foronya sita za arusi, kila moja iwe na ua jekundu na majani mawili pembeni. Akashona nne kwa furaha, kisha uzi mwekundu ukamwishia. Akaenda soko la Kadutu, akanunua uzi mwingine aliodhani kuwa ni ule ule. Usiku, kwa mwanga wa taa, hakuona tofauti yo yote. Asubuhi, juani, ole! Foronya nne zilikuwa na ua lenye rangi ya damu, na mbili zilikuwa na ua lenye rangi ya matofali. Tena, kwa kuwa alichora kwa macho tu, maua yale mawili yalikuwa makubwa kuliko wenzake kwa upana wa kidole. Mwenye kazi alizikataa zote sita. Na fedha ile mama alikuwa amekwisha kuitenga kwa karo ya binti yake wa sekondari.

Je, mkono wake ulikosa? Hasha! Kilichokosekana ni karatasi moja. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tunaotarizi, mali yetu ni kitambaa, uzi na saa zetu.

Karatasi ninayoisema ni ukurasa mmoja uliopigwa chapa. Upande mmoja una mistari ya kujaza, upande wa pili una miraba midogo kama ya daftari la hesabu. Ukiisha kuupanga vizuri mara moja, wapigisha fotokopi kadiri upendavyo, na kila kazi yapata karatasi yake.

Katika mistari uandike haya. Kwanza, jina la mwenye kazi na siku atakayoichukua. Pili, kitambaa ni cha namna gani, kina vipimo gani, na kama kimekwisha kufuliwa. Kwani pamba hujikunja inapofuliwa mara ya kwanza, na pambo lililoshonwa juu ya kitambaa kisichofuliwa huweza kujikunja nacho. Tatu, mahali pa pambo: sentimeta ngapi kutoka pindo la chini, na ngapi kutoka pindo la kando. Nne, sindano ya namba gani, na kitu gani kigumu kimewekwa chini ya kitambaa kukizuia kisivutwe. Tano, nyuzi zote kwa namba zilizoandikwa juu ya vibiringo vyake, zikipangwa kwa zamu ya kushonwa: majani kwanza, petali baadaye, kiini mwisho.

Kando ya kila namba ubandike kipande cha uzi wenyewe, urefu wa kidole. Ukiwa na kipande hicho, huwezi kudanganyika sokoni. Utakiweka juu ya uzi mpya nje, penye jua, nawe utaona. Lakini ni heri zaidi kuhesabu mapema na kununua uzi wa kazi nzima siku moja, kwa maana hata nyuzi za namba moja huweza kutofautiana kidogo zikiwa zimetiwa rangi siku mbali mbali.

Sasa tugeuze karatasi upande wa miraba. Hapa ndipo uchorapo. Ukitaka kulikuza ua, usilikisie. Ikiwa miraba yako ina upana wa nusu sentimeta, chora miraba mingine ya sentimeta moja, kisha hamisha mstari mraba kwa mraba. Ua la sentimeta 4 litakuwa la sentimeta 8, wala umbo lake halitaharibika. Ukiisha kuchora, toboa mistari kwa sindano, tundu karibu na tundu. Weka karatasi juu ya kitambaa, uisugue kwa kifuko chenye unga wa makaa yaliyosagwa. Ikiwa kitambaa ni cheusi, tumia unga wa chaki. Inua karatasi taratibu, na tazama: ua limekwisha kuhamia kitambaani kwa vidoto vidogo. Ungalishona foronya sita au sitini, zote zingalitoka katika tundu zile zile.

Msidhani kwamba haya ni mambo ya maskini tu wasio na mashini kubwa. Mwaka 1863 Isaak Gröbli, mtu wa Uswisi, alibuni mashini ya kutarizi iliyouletea sifa mji wa St. Gallen. Katika viwanda vya huko, kabla sindano hazijaanza kwenda, mchoraji alilichora pambo juu ya karatasi likiwa limekuzwa mara 6, akionyesha kila mshono. Fundi wa mashini aliufuata mchoro ule kwa ncha ya chuma, mshono kwa mshono, na sindano nyingi zikashona pamoja kwa udogo unaotakiwa. Kosa la karatasini lilikuwa kosa la kitambaa kizima.

Hata mashini za siku hizi zinazoongozwa na kompyuta hazijaiondoa karatasi. Mashini ya sindano moja hushona rangi moja, kisha husimama na kungoja ubadilishe uzi. Haijui kama umeweka wekundu wa kweli au wa matofali. Tena karatasi hukupa hesabu. Pambo lenye mishono 12,000, katika mashini ishonayo 600 kwa dakika, litachukua dakika 20, bila kuhesabu kubadilisha nyuzi. Nasi tujuao jinsi umeme unavyokatika twaweza kujua mapema kama kazi itakwisha.

Mwisho, usisahau mstari wa gharama. Andika bei ya kitambaa, ya uzi, ya safari, na saa ulizoketi. Mama wengi huuza kwa bei ya jirani, wakaona fedha mkononi, wasijue kwamba wamekula mtaji wao. Karatasi ndiyo itakayokuambia kama umepata au umepoteza.

Ukimaliza, usiitupe. Itie ndani ya jalada, pamoja na karatasi zake za nyuma. Bibi zetu waliojifunza kushona katika zile foyers sociaux kabla ya mwaka 1960 walijua mapambo mazuri. Mengi yamekwenda nao kaburini, kwa kuwa yalikaa kichwani tu. Jalada lako litabaki, na binti yako atalifungua.

Yule mama wa Nyantende? Foronya zile aliziuza moja moja, kwa hasara. Lakini siku hizi, mteja akija na kazi, kitu cha kwanza anachokitwaa si mkasi. Ni kalamu.